Kabla ya Kuvuka Maji Kwenda Kupimwa Kifafa

Wengi Lamu na Malindi wanaamini iko mashine moja Mombasa inayomtazama mtu kichwani na kutoa jibu: huyu ana kifafa, yule hana. Mashine hiyo haipo, na Nairobi pia haipo. Kifafa hutambuliwa kwa habari ya kushikwa kwenyewe: kulianza vipi, kulikuwaje, kuliisha vipi. Vipimo hufuata, na kila kimoja kina swali lake. Je, ni ugonjwa mwingine unaofanana na kifafa? Kama ni kifafa, ni cha aina gani? Kimeletwa na nini? Mtu akivuka asubuhi hadi Mokowe, gati la bara, bila kujua anakwenda kuuliza swali lipi, hurudi na bahasha kubwa, deni, na swali lile lile.

Tuanze na maana. Tangu 2014, jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa kifafa inahesabu kwamba mtu ana kifafa akishikwa angalau mara mbili, kwa kupishana zaidi ya saa 24, bila sababu ya papo hapo kama homa, sukari kushuka au kugonga kichwa. Aliyeshikwa mara moja tu anahesabiwa pia iwapo uwezekano wa kushikwa tena ndani ya miaka 10 ni asilimia 60 au zaidi, au iwapo dalili zake zote zinalingana na kifafa cha aina inayojulikana. Kwa huyu wa mara moja, EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) na MRI (picha ya ubongo kwa sumaku) zinaweza kugeuza uamuzi. Kwa aliyeanguka mara kumi mbele ya mashahidi, jina la ugonjwa huwa limeshajulikana, na vipimo vinatafuta aina na chanzo.

Aliyeona ndiye aende

Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida hakumbuki kitu. Anayestahili kusafiri naye ni yule aliyemwona akianguka: mkewe, mwenzake wa jahazini, dada anayelala naye chumba kimoja. Mara nyingi anayeletwa ni mjomba anayejua kuzungumza na madaktari, na siku ya tukio mjomba alikuwa mbali, Faza.

Kama shahidi hawezi kwenda, video ya simu inaweza kwenda badala yake, na wakati mwingine inamshinda shahidi. Mmoja amlaze mgonjwa ubavu, mwingine arekodi. Washeni taa, zimeni TV, mfunueni leso iliyomfunika uso. Rekodi mwili mzima, si mdomo wenye povu peke yake. Kutetemeka kukiisha usizime simu: dakika 2 au 3 zinazofuata zina habari nyingi. Mwite jina, mwambie ainue mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Mkono mmoja ukiwa umelegea kwa muda, daktari ameshajua nusu ipi ya ubongo aitilie shaka, kwa sababu mkono wa kulia huongozwa na ubongo wa kushoto. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, isije ikabanwa hadi macho yasionekane.

Macho ni jambo kubwa. Mtu wa kifafa akishikwa, macho yake kwa kawaida huwa wazi. Macho yaliyofumbwa kwa nguvu, kichwa kikitikisika kulia na kushoto, kutetemeka kunakopanda na kushuka kwa dakika 20, hayo huelekeza kwenye kushikwa kusikotokana na umeme wa ubongo. Mtu huyo hajifanyi, wala hadanganyi. Ni ugonjwa wa kweli, ila matibabu yake ni mazungumzo na mtaalamu wa afya ya akili, na dawa za kifafa hazimsaidii. Ulimi nao utazamwe: jeraha la ubavuni linaunga mkono kifafa, la nchani halina uzito. Kujikojolea hakutenganishi kitu, maana hata anayezimia kwa jua hujikojolea. Anayezimia huanza na kizunguzungu, giza la macho na jasho jembamba, na anaweza kutikisika sekunde chache akiwa chini, lakini huamka akiwajua watu. Aliyeshikwa na kifafa kikubwa hutetemeka dakika 1 hadi 3, kisha hukaa muda mrefu amechanganyikiwa, kichwa kinamuuma, anataka kulala. Zikipita dakika 5 bila kukoma, acheni video, kimbilieni hospitali. Kijiko mdomoni hakisaidii, na kitunguu au kiatu puani hakifupishi kitu.

Kisomo kikitakiwa kisomwe, hakuna aliyekataza. Ila msomaji naye aulizwe alichokiona: yeye hukaa karibu na mgonjwa kuliko sisi, na baadhi ya maelezo bora ya kushikwa hutoka kwake.

Vipimo vya hapa hapa

Kabla ya kufikiria Mombasa, kuna vipimo ambavyo vituo vya karibu vinaviweza, na ndivyo vinavyookoa maisha siku ya kwanza. Sukari ya damu ipimwe mgonjwa akiwa bado chini, kwa tone la kidole. Chini ya 3.9 (mmol kwa lita) ni ndogo, chini ya 3.0 ni hatari ya kweli. Ukisubiri aamke anywe chai ndipo upime, umeshafuta ushahidi. Kwa mwenye kisukari anayedunga insulini na amefunga, hiki ndicho cha kwanza kabla ya chochote.

Mtoto mwenye homa apimwe malaria kwa kile kipimo cha haraka cha dakika 15 hadi 20, hata kama mvua haijanyesha miezi. Utafiti wa miaka mingi huko Kilifi umeonyesha kwamba watoto waliopona malaria kali iliyopanda kichwani hupata kifafa baadaye kwa wingi kuliko wenzao, kwa hiyo jibu la leo liandikwe kwenye kitabu cha kliniki na kitabu kitunzwe. Lakini degedege la homa, lile ambalo wazee wa pwani huliita nyuni, si kifafa. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5, ana homa, ametikisika mwili mzima chini ya dakika 15, mara moja tu ndani ya saa 24, na sasa amechangamka: huyo hahitaji EEG wala CT, ile picha ya kichwa ya eksirei. Anahitaji kujulikana homa imetoka wapi. Akiwa na shingo ngumu, utosi uliovimba, au haamki vizuri, daktari atatoa maji ya uti wa mgongo kwa sindano ya mgongoni, usawa wa kiuno, ili kutafuta homa ya uti wa mgongo. Wazazi wengi hukataa sindano hiyo wakiogopa mtoto atapooza. Sindano huingia chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Ugonjwa wenyewe ndio unaoacha watoto viziwi na waliopooza.

Mwanamke mwenye mimba ya wiki 20 na zaidi, au aliyejifungua ndani ya wiki 6, akishikwa, apimwe presha na protini ya mkojo papo hapo. Hadi ithibitishwe vinginevyo, hicho ni kifafa cha mimba, na dawa yake ni magnesiamu salfeti. Asipelekwe foleni ya EEG.

Madini ya damu, hasa sodiamu na kalisiamu, yapimwe kwa mtu mzima yeyote anaposhikwa mara ya kwanza. Sodiamu ya kawaida ni 135 hadi 145 (mmol kwa lita), na ikishuka chini ya 120 ubongo unaweza kutetemeka bila kuwa na kifafa. VVU apimwe, figo na ini pia, kwa sababu dawa zitakazoanzwa hupitia huko.

Kisha ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ni dakika 5, vibandiko 10, hakina maumivu, na ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Moyo ukipiga vibaya, damu haifiki kichwani, mtu anaanguka na kutikisika, watu wanasema kifafa. Kijana anayeanguka akiwa anakimbia au anaogelea, au mwenye ndugu aliyekufa ghafla akiwa mdogo, asipewe dawa ya kifafa kabla ECG haijasomwa. Upo ugonjwa wa kurithi unaorefusha kipindi cha QT, muda wa moyo kujiandaa upya kwa pigo lijalo, na aina yake moja huamshwa hasa na kuogelea. Kwa watoto wa Shela na Mayungu hilo si jambo la vitabuni.

EEG

EEG husoma umeme ambao ubongo wenyewe unautoa. Haiingizi umeme kichwani. Kila mara nyumba fulani hukataa kipimo kwa kuambiwa mgonjwa "atapigwa shoti", kwa hiyo acha nitoe hesabu: umeme unaosomwa ni kama maikrovolti 50, na betri ndogo ya tochi ina nguvu ya mara 30,000 hivi ya huo. Mjerumani Hans Berger ndiye aliyeurekodi kwa binadamu mara ya kwanza 1924, na hadi leo kazi ni ile ile: kukuza kitu kidogo mno bila kukuza takataka pamoja nacho.

Takataka hizo ndizo zinazoharibu vipimo vingi vya pwani, na ya kwanza ni mafuta. Nywele zilizopakwa mafuta ya nazi hazipitishi umeme vizuri. Zioshe kwa shampuu au sabuni usiku uliotangulia, mara mbili, uzisuuze, uache hivyo: bila mafuta, bila krimu, bila jeli. Nywele zilizosukwa zifumuliwe, na za bandia zitolewe, kwa sababu fundi anahitaji ngozi ya kichwa mahali 19, pamoja na masikio mawili. Hakuna haja ya kunyoa. Mwanamke anayejistiri aulize wakati wa kupanga miadi kama yupo fundi wa kike au kuna pazia. Akiuliza akishafika, huenda fundi huyo ndiyo siku yake ya mapumziko.

Fundi hupima kichwa kwa utepe, kutoka kishimo kilicho juu ya pua hadi kinundu cha kisogoni, na kutoka sikio hadi sikio, kisha anagawa kwa asilimia 10 na 20. Anatia alama kwa penseli, anasugua kila alama kwa dawa yenye chembechembe, anabandika elektrodi, vile vidude vya chuma vyenye waya, kwa gundi laini. Ukwinzani wa kila elektrodi, yaani kizuizi chake kwa umeme, uwe chini ya kiloomu 5. Mgonjwa asiyeambiwa haya hudhani anacheleweshwa, lakini kubandika kunaweza kuchukua muda mrefu kuliko kurekodi kwenyewe, ambako ni dakika 20 hadi 30 ukiwa macho. Fundi anayebandika yote kwa dakika tano ndiye wa kutiliwa shaka.

Jasho nalo. Chumba chenye joto la Machi hutoa mawimbi mapana ya polepole yanayofanana na ubongo ulioumia. Feni inayozunguka hutikisa nyaya, na chaja ya simu karibu na kitanda huleta mvumo wa hezi 50, ule ule wa umeme wa ukutani. Chumba kipoe kabla ya mgonjwa kuingia, simu zibaki nje. Kutafuna, kukaza taya na kupepesa macho vinaonekana pia, ndiyo maana mgonjwa huambiwa alegeze mdomo.

Wakati wa kurekodi ataambiwa afumbe na kufumbua macho, kisha apumue kwa nguvu na kwa kina dakika 3. Mtoto anapewa karatasi ya kupuliza. Mtoto anayeduwaa sekunde 10 darasani, ambaye mwalimu anamwita mvivu, mara nyingi ataduwaa hapo hapo, na mashine itaandika mawimbi ya mwiba na tuta, matatu kwa sekunde. Hapo kipimo kinalipa nauli yake yote, kwa sababu dawa za kifafa za kabamazepini na fenitoini zinaweza kukizidisha kifafa cha aina hiyo. Lakini kupumua huko si kwa kila mtu: mwenye selimundu, aliyepata kiharusi karibuni, mwenye moyo mgonjwa au pumu kali, asifanye. Pwani yetu ina selimundu nyingi, na fundi mgeni anaweza asiulize. Wewe mwambie. Baada ya hapo ni taa inayomulika kwa kasi tofauti, hadi mara 30 kwa sekunde, kutafuta wale wachache wanaoamshwa na mwanga.

Daktari akiandika EEG ya kukosa usingizi, mtu mzima hulala saa 4 tu au halali kabisa, na mtoto hupunguziwa kadiri ya umri wake, ili asinzie mezani. Usingizi hufichua mawimbi ambayo macho wazi huyaficha. Asikeshe kwa miraa, muguka, kahawa wala soda za kuamsha, kwa sababu zenyewe hubadilisha rekodi. Akeshe kwa mazungumzo. Sasa fikiria mtu huyu, amekesha, na kukesha ni moja ya mambo yanayoamsha kifafa, anashuka ngazi za gati alfajiri giza halijaisha. Asipande peke yake, avae jaketi ya kuokolea, akae katikati ya boti. La maana zaidi ni kuvuka siku moja kabla na kukesha kule kule karibu na hospitali. Kutoka Malindi hadi Mombasa ni kilomita 120 hivi, na akisinzia njia nzima kwenye matatu amemaliza ule usingizi uliotakiwa mezani. Mwezi wa Ramadhani, usiku wa daku unavuruga hesabu zote, na tumbo tupu halifai kwa kipimo hiki. Kama hali si ya haraka, panga baada ya Idi.

Dawa anazotumia azimeze kama kawaida isipokuwa daktari ameandika vinginevyo. Kuacha fenobabitoni ghafla ili "EEG itoke vizuri" kunaweza kumshusha kwenye kushikwa mfululizo kusikokoma.

Jibu likirudi limeandikwa kawaida, mgonjwa hajatangazwa mzima. EEG ya kwanza hukamata mawimbi ya kifafa kwa karibu nusu tu ya wenye kifafa. Kurudia, kupima akiwa usingizini, au kupima ndani ya saa 24 baada ya kushikwa huongeza nafasi. Na upande wa pili: mtu mzima mmoja hivi kati ya 200 wasio na kifafa ana mawimbi ya aina hiyo, na watoto ni zaidi. Kuna mawimbi makali ya kusinzia, ya kawaida kabisa, ambayo msomaji asiyezoea huyaita kifafa, na mtu akanywa vidonge miaka kwa ajili ya usingizi wake mwenyewe. Kwa maoni yangu, EEG iliyosomwa vibaya imedhuru watu wengi kuliko EEG iliyokosekana. Ikiwa ripoti inasema mawimbi ya polepole bila kutaja miiba, hayo peke yake si kifafa.

Fomu ya kuombea kipimo iandikwe umri, tarehe ya kushikwa mara ya mwisho, kushikwa kulivyokuwa, na dawa zote. Fomu iliyoandikwa neno moja, "kifafa", hupata jibu la neno moja.

CT na MRI

Hizi hutazama umbo la ubongo, si umeme wake. CT ni ya dakika chache, na ndiyo ya haraka pale mtu alipogonga kichwa, ana homa na haamki, au upande mmoja umepooza: damu iliyovuja na uvimbe mkubwa huonekana. Huonyesha vizuri pia vidoa vya chokaa vinavyoachwa na mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Watu wa Lamu husema hilo haliwahusu kwa kuwa hawali nguruwe. Nyama si njia ya ugonjwa huu wa ubongo. Mayai hutoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu na kufika kwako kwa mikono, maji au mboga mbichi.

MRI huona madogo ambayo CT huyakosa, hasa kovu la sehemu ya ndani ya ubongo karibu na sikio, chanzo cha kawaida cha kifafa sugu cha watu wazima. Lakini lazima iombwe kwa itifaki ya kifafa: vipande vya unene wa milimita 1, picha za aina iitwayo FLAIR, na mikato inayopita sawa na umbo la sehemu hiyo. MRI ya kawaida ya kichwa, vipande vya milimita 5, inaweza kupita juu ya kovu hilo na kuandika "hakuna kitu". Kabla ya kulipa, uliza neno hilo: itifaki ya kifafa. Mtoto mwenye kifafa cha kuduwaa chenye EEG ya wazi kwa kawaida hahitaji picha kabisa.

Sumaku ya MRI haizimwi. Toa pini za buibui, hasa zile za sumaku, vipuli vyote pamoja na vile vya juu ya sikio ambavyo bibi hajavitoa tangu harusi yake, kipini cha pua, bangili, na hirizi yenye kibweta cha chuma. Wanja ufutwe. Chuma cha mfupa uliovunjika kwa kawaida hakizuii, lakini kitajwe, na mashine ya moyo itajwe mara mbili. Ni dakika 30 hadi 45 za kutulia kwenye kelele. Mtoto atakayelazwa usingizi kwa dawa asile saa 6, asinyonye saa 4, asinywe maji saa 2. Safari nyingi huvunjwa na mandazi ya asubuhi.

Omba CD ya picha pamoja na ripoti. Karatasi peke yake haimwezeshi daktari wa pili kuona chochote, na yeye ndiye utakayemhitaji ikiwa dawa mbili, kwa dozi kamili, hazijakomesha kushikwa. Hapo kwanza hupimwa kiasi cha dawa kwenye damu: fenitoini kwa mfano inatakiwa iwe 10 hadi 20 mg kwa lita. Ikiwa kiasi kipo na mtu bado anaanguka, kinachofuata ni video na EEG kwa pamoja, siku kadhaa kitandani, na swali la mwanzo linaulizwa upya: je, ni kifafa kweli?